Wageni wa Siku ya Tatu

Mkwe mwenzangu alitua Minneapolis mwezi wa pili akiwa na masanduku mawili. La kwanza lilikuwa la nguo. La pili lilikuwa na asali, mshumaa wa nta, kitambaa cha meza kilichotariziwa, na vifungu vya majani makavu ambavyo mpaka leo sielewi vilipitaje uwanja wa ndege. Alikuja kumpokea mjukuu wetu. Binti yangu ameolewa na mwanawe, kijana wa Kirumania aliyekutana naye chuoni, na mimi nilishamaliza kulia na kucheka juu ya jambo hilo miaka ya nyuma. Nilimpokea mwenzangu vizuri, nikampeleka kitongoji cha New Hope kwenye nyumba ya wanetu, nikarudi kwangu Blaine, nikalala na viatu miguuni.

Mtoto hakusubiri mtu. Alizaliwa wiki hiyo hiyo, mimba ikiwa ya miezi minane, mvulana mdogo wa kutisha, na kabla hatujamaliza kupigiana simu za hongera walikuwa wameshamweka kwenye kisanduku cha joto na mipira puani. Mapafu yalikuwa hayajakomaa. Siku ya pili ikaongezeka homa. Daktari, msichana mpole wa umri wa binti yangu, alituketisha akasema wanampa dawa, sasa ni kusubiri, siku mbili tatu hizi ndizo zitakazoonyesha. Mimi nafanya kazi kwenye maabara ya kupima maji. Kazi yangu ni majibu, na mtu akiniambia kitu "kitaonyesha" najua anachosema ni kwamba hajui. Nilimshukuru. Moyoni nilitaka kumzaba kofi.

Basi ikawa ndiyo maisha. Kukwangua barafu kwenye kioo cha gari, Blaine mpaka New Hope kumchukua mwenzangu, New Hope mpaka hospitali, kuzunguka ghorofa za maegesho kama mtu aliyepoteza mbuzi, kunawa mikono mpaka kwenye viwiko, halafu kukaa. Chumba kiliruhusu watu wawili tu kando ya mtoto, na hao walikuwa wazazi wake. Sisi mabibi tulikaa korido kwenye viti vya plastiki. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, changu cha ofisini, na katikati tulielewana. Sijawahi kuchoka vile kwa kazi yoyote, na kazi yenyewe ilikuwa kukaa.

Hapo korido ndipo aliponianzia habari za wale wanawake. Kwao, alisema, kwenye misitu na penye chemchemi, kuna wanawake wazuri mno wanaocheza kwa duara nyakati za kiangazi. Walipocheza nyasi huungua, kisha huota nyingine nzito na nzuri, na ng'ombe hawazigusi. Ukisikia sauti inakuita kutoka huko usiitike. Ukikanyaga duara lao unapooza upande, au ulimi unakatika maneno. Jina wanalo, ila halitajwi. Watu husema "wao", wakapita. Marehemu mume wake alikuwa wa ukoo wa Kialbania, na huko nako ni hivyo hivyo: badala ya kuwataja unamwomba Mungu awazidishie ngoma zao, na kila mtu anaelewa unamsema nani. Huko milimani kuna wanawake wa ajabu waitwao zana kwa lugha yao, ambao wakikukasirikia wanakugeuza jiwe. Na kila mtu ana ora wake, mwanamke asiyeonekana anayezaliwa naye na kumfuata kila aendako. Mtu hodari ora wake ni mweupe, mtu mvivu ora wake ni mweusi. Ora akifa na mwenyewe kwisha.

"Wangu atakuwa wa kijivu," nilimwambia. "Na sasa hivi ameketi mahali amevua viatu."

Alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka tangu afike, na meno yake mawili ya pembeni yalikuwa ya dhahabu. Sikumdharau kwa habari zile. Nimekulia Lushoto, ambako kuna msitu tuliofundishwa kuupita kimya, bila mluzi wala kuvunja kijiti, na mchungaji wetu aliyehubiri dhidi ya mambo hayo naye nilimwona akiupita kimya.

Lakini hao wa msituni hawakuwa shida yake. Shida yake ilikuwa wengine. Usiku wa tatu baada ya mtoto kuzaliwa, alisema, huja wanawake watatu. Kwa Warumania wanakuja, na kwa watu wa mumewe wanakuja. Wanaandaliwa meza kando ya mahali alipolala mtoto: mkate, chumvi, asali, mvinyo, sahani tatu. Wanakula, halafu wanamsemea mtoto maisha yake. Wa kwanza anasema lake, wa pili lake, wa tatu anafunga. Na wa tatu ndiye wa kuogopwa, maana ndiye mkali. Hubishana, na wakiwa bado ndani neno linaweza kugeuka. Wakishatoka mlangoni limekwisha.

Asubuhi ya siku ya tatu alikwenda kwa nesi na mshumaa wake na mkate, akaomba kuviweka karibu na kisanduku. Nesi alikuwa mtu mwema. Alimwekea mkono begani akamweleza habari za vijidudu na oksijeni, kwamba hata ua haliingii mle. Mwenzangu akaitika kila neno kwa adabu. Kwenye lifti alilia mpaka nikaogopa.

"Watakuja nyumbani," aliniambia. "Watakuta kitanda hakina mtu. Watasema, hapa hakuna mtoto. Ndivyo watakavyosema, na itakuwa."

Ningeweza kumwambia mengi. Nina shahada mbili na kadi ya usharika wa Kilutheri. Nilimwambia tutaandaa meza hiyo hiyo nyumbani New Hope, tulaze fulana ya mtoto kitandani, wataona mwenyewe yupo ila ametoka kidogo. Nilikubali kwa sababu nilikuwa nimechoka kukataa vitu. Na kwa sababu binti yangu, nilipomuaga kutoka mlangoni mwa chumba, hakugeuza hata uso, alikuwa ameingiza kidole kimoja kwenye kitundu cha kisanduku na mtoto amekishika, akasema, "Mama, please, nenda tu." Tukawaacha yeye na mumewe pale.

Mchana kutwa mwenzangu aliisafisha nyumba ile ambayo haikuwa na uchafu. Alioka mkate. Alitandika kitambaa cha mama yake kwenye meza ndogo ya kulia, akaisogeza hadi mlangoni mwa chumba cha mtoto, akapanga sahani tatu na glasi tatu. Viti vilikuwa viwili, kwa hiyo nilimletea kiti cha kukunja kutoka kabatini. Alikikagua sana, akakiwekea mto. Nilijua ni kwa ajili ya yule mkali. Kulipoanza kuingia giza aliwasha mshumaa, nami nikaenda kuoga, maana nilikuwa sijaoga tangu sijui lini.

Sasa, kuna jambo nilikuwa nimelisahau, kwa uchovu. Ilikuwa Jumatano, na Jumatano ni siku ya jumuiya yetu, sisi Watanzania wa kusali pamoja. Walipata habari kwamba binti yangu amejifungua. Mtanzania hapigi simu kuuliza kama anaweza kuja kumwona mzazi. Anakuja.

Nilisikia sauti nikiwa bado na sabuni usoni. Nilijifunga kitenge nikatoka, na nilichokiona sitakisahau. Mezani, kwenye zile sahani tatu, waliketi wanawake watatu wa jumuiya wakiwa na makoti yao, theluji ikiwayeyukia mabegani, wanakula. Mwenyekiti wetu, mama mnene mcheshi anayefanya kazi ya kutunza wazee, alikuwa anapaka asali kwenye mkate. Wa pili, Mchagga wa Machame, alikuwa ameshafunua sufuria yake ya mtori na kuwapakulia wenzake katikati ya kitambaa kile cha urithi. Wa tatu alikuwa mwanamke mwembamba wa kule Cedar-Riverside kwenye majengo marefu, mtu wa maneno machache ambaye tumesali naye miaka bila kumjua. Ndiye aliyekalia kiti chenye mto. Wenzake mvinyo waliupitia kwa macho tu. Yeye alikuwa amejimiminia.

"Bwana asifiwe, bibi mpya!" mwenyekiti alipaza sauti. "Hongera na pole. Lakini mbona mmejisumbua hivi? Tumekuta meza tayari, mama wa watu katuonyesha viti, tukasema tusimvunje moyo."

Mwenzangu alikuwa amesimama ukutani, mikono amefumbata, mtandio mweusi kichwani. Nilifungua kinywa. Akatikisa kichwa: waache. Baadaye alinieleza kwamba alifungua mlango akawaona watatu, theluji mabegani, hawasemi kitu. Hawakusema kitu kwa sababu walidhani wamekosea nyumba. Yeye akarudi nyuma akawapisha. "Mimi si mjinga," aliniambia. "Naona ni wanawake wa kanisani, naona sufuria. Lakini siku ya tatu, watatu, wamekuja. Nani mwingine amekuja?"

Walishiba. Kisha wakafanya kinachofanywa na watu wetu popote walipoalikwa au wasipoalikwa: kila mmoja akatoa neno.

Mwenyekiti alisimama kwanza. Alimwombea mtoto afya, masomo, udaktari ikiwezekana, na mke mcha Mungu, vyote kwa sauti ya kusikika mpaka kwa majirani. Nilimtafsiria mwenzangu kwa kifupi, naye akapiga ishara ya msalaba. Wa pili akasema hana mengi, ila huyu mtoto atanyonya na atanenepa, na mtori aliouacha ni wa mama yake, anywe wote, maziwa yatatoka yenyewe. Nikatafsiri. Mwenzangu akatikisa kichwa, anakubali, midomo inamcheza.

Kisha akageuza macho yake kwa wa tatu. Mimi nami nikajikuta nimemgeukia. Nilijua huyu ni nani, najua anapopanda treni, najua anafanya usafi wa ofisi na anapenda pilipili. Lakini nilikaza kitenge changu, nikangoja kama yeye.

Hakusimama. Aliuliza, "Mimba ilikuwa ya miezi mingapi?"

"Minane," nilisema.

Alitazama glasi yake. "Wa miezi saba hukaa," akasema taratibu. "Wa minane hawakai."

Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo utotoni, kwa wanawake waliokuwa wanapeta mchele, na hakuna nesi wala daktari anayeyakubali. Hata hivyo yaliniingia kama maji ya barafu. Mwenyekiti aliruka haraka kuanzisha pambio, Mchagga akalidaka, wakaimba ubeti mmoja kwa nguvu zote huku wanakusanya mikoba. Watu wetu wakiona aibu huimba.

"Amesema nini?" mwenzangu alinishika mkono. "Wa tatu. Amesema nini?"

"Amesema tusali."

"Hapana." Kucha zake zilikuwa zinaniumiza. "Nimeona uso wako. Amesema nini?"

Wale wawili walikuwa wameshafika mlangoni wanavaa mabuti, na yule mwembamba naye alikuwa ameinuka, anafunga koti lake kifungo kimoja kimoja. Nikaona miguu yake inaelekea mlangoni. Sijui nilifikiri nini, na sitajifanya najua. Nilipita mbele yake nikasimama mlangoni na kitenge changu na nywele zinazochuruzika, nikaweka mkono kwenye fremu.

"Hutoki," nilimwambia.

"Dada," mwenyekiti alisema, "umechoka, ukapumzike."

"Nimechoka ndiyo. Lakini huyu hatoki humu na neno lile. Ketini wote. Utasema jingine, ndiyo utatoka."

Hakuna aliyeketi. Yule mwanamke alinitazama bila hasira. Machozi ambayo sikuyatoa hospitali yote yalinijia pale, mbele ya watu, na kamasi juu yake. Nilimwambia tafadhali. Nilimwambia sitaki ukweli wake, ukweli ninao wa kutosha, wameniandikia kwenye chati siku hizi tatu. Nataka aseme jingine.

"Mimi siwezi kumsemea mtoto wa watu uongo," alisema. "Nimekula chakula chake."

Kidole chake kikawa kinazungusha kile kifungo cha mwisho cha koti.

"Wangu alikuwa wa minane," akasema.

Mwenyekiti alishusha mkoba wake sakafuni. Miaka yote ile ya sala na chai na michango ya misiba, hakuna aliyekuwa anajua kwamba aliwahi kuzaa. Hatukumwuliza. Tulimwona mtu mkimya tukamwacha na ukimya wake, tukaona tumemheshimu.

"Kule Kigoma," alisema. "Kabla sijaja huku. Aliishi mpaka jioni." Alivuta pumzi. "Miaka yake ipo, hakuna aliyeitumia. Basi huyu aichukue. Aichukue yote, mimi sina mwingine wa kumpa. Hilo ndilo neno langu."

Niliondoa mkono mlangoni. Mwenzangu alikuwa ananitazama usoni, anangoja, na safari hii nilimtafsiria neno kwa neno, jioni, miaka, aichukue yote. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akamwendea yule mwanamke, akashika mkono wake wa kulia kwa mikono yake miwili, akaubusu, akauweka kwenye paji la uso wake. Yule mwanamke hakuzoea kushikwa. Aliuacha mkono ule kwa mwenzangu kama mtu aliyeombwa amshikie kitu.

Walipotoka mwenzangu alizima mshumaa kwa vidole, akafunga mlango, akaegemea. Nilikula mtori uliobaki kwenye sahani zao nikiwa nimesimama.

Sitasema homa ilishuka kwa sababu ile. Ilishuka kwa dawa, na ilichukua muda wake, na kuna siku mbili baada ya hapo zilizokuwa mbaya kuliko zote. Nilirudi kazini nikawa napima maji ya watu huku simu imelala kando ya hadubini. Walitoa mpira mmoja, wakaurudisha, wakautoa tena. Tulizoea sauti za mashine. Binti yangu alikonda mpaka pete ikamdondoka kwenye sinki. Halafu siku moja, bila sherehe yoyote, nesi akasema tulete kiti cha gari cha mtoto.

Mjukuu alipofika nyumbani mwenzangu alimshika na hakumwachia. Mimi bibi mwenzake nilikuwa naomba kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Alimwogesha yeye, alimcheulisha yeye, akilala alimwangalia amelala. Nilimwambia mtoto atajua kutembea mikononi mwake. Hakujali. Wanajumuiya walikuja kwa zamu na vyungu vyao, wakamwona, wakatoa maneno, na kila mlango ulipogongwa mwenzangu aliangalia nani ameingia. Yule mwembamba hakuja. Jumatano naye akaacha kuja. Mwenyekiti alisema simu hapokei.

Theluji ilipoanza kuwa matope mwenzangu alinikabili. Alikuwa anakaribia kurudi kwao. Akasema twende kwa yule mwembamba, na mtoto. Nikamwambia siku hizi watu hawaendi bila taarifa. Akaniuliza tangu lini mimi nikawa hivyo.

Tulipanda lifti ya jengo lile refu la Cedar-Riverside, mwenzangu na mtoto kifuani, mimi na mfuko wa nepi. Nikapiga hodi. Yule mwanamke alifungua akiwa amevaa nguo za kazi, akatuona, na nikadhani atafunga mlango. Alitukaribisha. Kilikuwa chumba kimoja kisafi sana, kitanda kimetandikwa, redio ndogo, kiti kimoja. Akatukalisha kitandani, akaweka maji ya chai jikoni, akarudi, akasimama mbali.

"Mmefanya vizuri kuja," alisema huku akiangalia dirishani.

Mwenzangu aliinuka na kumwendea, na bila kuuliza akamweka mtoto mikononi mwake. Yule mwanamke alimpokea vizuri, kichwa kwenye kiwiko, mkono chini ya mgongo. Hakukosea hata kidogo. Alimpima kwa kumnyanyua kidogo na kumshusha. Mtoto alikuwa amenenepa. Alipiga chafya, akamtazama.

"Wangu hakufika uzito huu," akasema.

Uso wake ukaanza kumvunjika, na kwa haraka akanyoosha mikono amrudishe mtoto. Mwenzangu, ambaye sijawahi kumwona akikataa kumpokea mtoto yule, akaweka mikono yake yote miwili nyuma ya mgongo.

"Bado," alisema kwa Kiswahili. Lilikuwa neno pekee alilojifunza kwangu, kwa kunisikia nikilijibu simuni pale korido kila watu walipouliza hali.

Yule mwanamke akakaa naye kwenye kile kiti kimoja, sisi tukamsubiri.